Uzito wa Risasi Haushindi Upepo

Jumamosi iliyopita amekuja mwingine. Kijana mstaarabu, bunduki mpya ya .300 Winchester Magnum mkononi, na maneno yaleyale ninayoyasikia tangu nianze kufunga mitutu hapa Texas: "Kaka, nimechukua kubwa makusudi. Nzito haipeperushwi." Akalala, akalenga bamba la chuma la yadi 900. Kila alipofyatua, darubini yake iliruka ikatazama mawingu. Risasi kumi, bamba likalia mara moja tu. Alipoinuka akaniuliza, "Hizo nyingine zilikuwa zinaangukia wapi?" Vumbi lote lilitimka kushoto, hatua moja hivi kutoka kwenye bamba, na yeye hakuliona hata mara moja.

Naandika kwa sababu nimechoka kulieleza hili kwa mdomo.

Kanuni za PRS (Precision Rifle Series), mashindano ya kulenga mabamba ya mbali tunayopiga hapa, zinaruhusu kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi, hadi .30, mradi kasi isizidi futi 3,200 kwa sekunde. Hakuna aliyezuiwa kuja na bunduki kubwa. Hata hivyo, ukiangalia walio juu ya jedwali, wengi wao wako kwenye risasi nyembamba za 6mm, zenye majina kama Dasher, GT, BR na 6mm Creedmoor. Watu hawa wanaishi kwa kuhesabu upepo. Kama uzito ungekuwa dawa ya upepo, wangeshauchukua zamani.

Tuanze na upepo, maana hapa ndipo watu wanapotea. Upepo hausukumi kichwa cha risasi ubavuni kama unavyosukuma jani la mwembe. Kichwa kinachozunguka vizuri hugeuza pua yake kidogo kuelekea unakotoka upepo, na hewa iliyokuwa ikikivuta nyuma sasa inakivuta nyuma na pembeni kidogo. Kwa hiyo kinachokupeleka nje ya bamba ni kasi ambayo risasi inapoteza njiani. Hesabu yake ni fupi: chukua muda halisi wa safari, toa muda ambao safari ingechukua pasipo hewa kabisa, kinachobaki zidisha kwa kasi ya upepo wa ubavuni. Uzito peke yake haumo humo. Kasi ya kutokea mtutuni nayo haimo peke yake. Kilichomo ni muda uliopotea.

Kama huniamini, chukua .22 ya kawaida. Weka risasi ya pole, yenye futi 1,050 hivi kwa sekunde, kisha ile ya kasi ya futi 1,250. Zipige yadi 100 kwenye upepo uleule. Ya kasi inafika mapema, na bado ndiyo inayopeperushwa zaidi, kwa sababu inaanza juu ya kasi ya sauti, mahali ambapo hewa inaibana vibaya, na inapoteza muda mwingi zaidi. Kila ninapomwonyesha mtu jambo hili kwenye karatasi ananyamaza kwanza.

Sasa rudi kwenye kubwa. Kichwa cha .308 cha greni 175 (greni 15 ni kama gramu moja) kikitoka kwa futi 2,600, kwenye yadi 1,000 na upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa, kinahama karibu mita mbili na nusu. Kichwa cha 6mm cha greni 105 kikitoka kwa futi 2,900 kinahama chini ya mita mbili. Greni 70 pungufu, na bado upepo unakihamisha kidogo kuliko kile kizito. Siri yake ni umbo: chembamba, kirefu, pua kali, mkia uliochongwa. BC, namba inayoonyesha kichwa kinavyopenya hewa bila kupoteza kasi, ndiyo inayobeba hesabu, na uzito ni kiungo kimojawapo tu ndani ya BC.

Na nisiwe mdanganyifu: .300 ya yule kijana, ikipewa kichwa kirefu cha greni 215, inaishinda Dasher yangu kwa upepo. Inaishinda kweli. Ila kwenye PRS unapiga kutoka juu ya pipa, tairi au ngazi, saa inakimbia, na hakuna anayekuja kukuonyesha risasi yako ilipogonga. Lazima uione mwenyewe. Kwenye yadi 400 risasi ya 6mm inafika ndani ya nusu sekunde. Katika nusu sekunde hiyo bunduki iwe imeshatulia na bamba liwe bado ndani ya darubini. Dasher inachoma baruti chini ya nusu ya ile ya .300 Magnum, na inasukuma kichwa chepesi. Ndani ya bunduki ya kilo kumi, haigusi hata nywele za bega. Unaona vumbi, unasahihisha, unapiga tena. Sahihisho moja la kweli lina thamani kuliko sentimita ishirini za upepo ulizookoa kwa teke la punda.

Mchezo ukibadilika, jibu linabadilika. Kwenye F-Open, mashindano ya kulenga shabaha ya mbali ukiwa umelala, shabaha inashushwa na kuwekewa alama kila risasi, ndiyo maana 7mm kama .284 inatamba huko. F-TR, tawi jingine la mchezo huohuo, huna la kuchagua, ni .308 au .223. Bisley, uwanja wa shabaha wa Uingereza, kwenye mashindano ya target rifle ni vilevile.

Mtutu nao uangalie. Vichwa hivi virefu vinataka mifereji ya ndani ya mtutu izunguke mara moja kwa kila inchi 8, au 7.5. Ukivitia kwenye .243 ya zamani ya kuwindia (nayo ni 6mm) yenye inchi 10, karatasi inaweza kukuonyesha tundu lenye umbo la risasi iliyopita kiubavu. Kuhusu maisha ya mtutu, 6mm Creedmoor inaula upesi, Dasher na BR taratibu zaidi. Ingiza kamera ndani ya koo la mtutu uliochoka uone: chuma kimepasukapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi.

Yako mambo yananisumbua. Tunasema ganda fupi nene, kama la Dasher, linachoma baruti kwa usawa zaidi, na mimi mwenyewe nimelisema mbele za watu. Sina hakika tena kama ni ganda au ni wenye nalo: Dasher kwa miaka mingi ilikuwa ya watu walio tayari kupiga kwanza maganda ya BR ili yapanuke yawe ya Dasher, na mtu mwenye subira hiyo hupima kila kitu. Vikundi vya risasi tatu tatu tunavyovitumia kuthibitisha havithibitishi lolote.

La pili ni bamba lenyewe. Mwezi uliopita kwenye yadi 1,000 niligonga ukingo wa chini. Niliiona rangi ikiruka. Bamba halikutikisika, mhesabuji akasema imekosa, na alama ikaenda. Greni 105 kwa umbali ule, kwenye nyasi zilizolowa, hazina ushahidi wa kutosha. Ndiyo maana wenzangu kadhaa wamehamia .25, yenye kichwa kizito kidogo na teke ambalo bado linavumilika. Kijana nimemwambia aanze na 6.5 Creedmoor, kwa kuwa risasi zake zinapatikana kila duka na mtutu wake unadumu. Mimi nimeagiza mtutu wa .25. Umefika jana, bado uko kwenye boksi lake karibu na mashine ya kukerezea.