Kuua Magugu kwa Moto wa Gesi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Gugu lisipoteketea, kazi haijafanyika.

Ukweli: Moto wa kichomeo cha gesi, kifaa kinachopitishwa juu ya magugu, haukusudiwi kuchoma gugu, bali kulipasha joto kali kwa muda mfupi mno, mara nyingi chini ya sekunde moja, kiasi cha maji yaliyomo ndani ya seli kutanuka, utando wake kupasuka na protini kuganda. Jani hubaki la kijani, kisha hunyauka baada ya saa chache. Kipimo chake ni vidole: ukilibana jani mara baada ya moto kupita, nalo likabaki na alama iliyokoza ya kidole, limekwisha kufa. Anayesubiri majivu anateketeza gesi, na sote tunajua bei ya mtungi.

Dhana: Moto huua kila gugu.

Ukweli: Hufanya kazi vizuri kwa magugu machanga ya majani mapana, kama kishonanguo au mchicha pori wenye majani mawili hadi manne. Nyasi ni sugu zaidi, kwa kuwa kichipukizi chake hujificha ardhini au ndani ya ala za majani, na ndago huchipua upya kutoka kwenye viazi vyake.

Dhana: Kifaa hiki hakifai penye mazao.

Ukweli: Kinachoamua ni wakati. Mkulima wa karoti kwenye miteremko ya Meru anajua kwamba zao hilo huchelewa kuota na magugu hulitangulia. Hivyo moto hupitishwa juu ya tuta kabla tu karoti hazijachomoza. Ili asikosee siku, hufunika sehemu ndogo ya tuta kwa kipande cha kioo, ambapo joto huziotesha mapema, na zikianza kuchungulia hapo, sehemu iliyobaki hupitishwa moto bila kuchelewa. Mahindi machanga huvumilia moto kwa sababu kichipukizi chake bado kimo ardhini, ila maharage tunayoyachanganya nayo hayana kinga hiyo.

Dhana: Moto huunguza udongo.

Ukweli: Ukipita upesi, joto haliingii ardhini kwa kina cha maana, na kwa sababu hiyohiyo mbegu za magugu zilizofukiwa hubaki hai.

Dhana: Panapofaa jembe, moto nao unafaa.

Ukweli: Katika kihamba cha Moshi, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, nisingeuruhusu moto kabisa, hasa wakati wa kiangazi, kwa kuwa majani makavu ya migomba yaliyotandazwa chini ya kahawa hushika moto haraka, na matandazo hayo yenyewe tayari yanazuia magugu.