Viza ya kampuni changa: nani anakudhamini?

Chukua mgeni aliyemaliza uzamili Boston, Marekani, kabla ya 2025. Programu yake inafanya kazi, ana wateja wawili watatu wanaolipa, na kuna mtu yuko tayari kumwekea mtaji. Anakwenda kwa wakili wa uhamiaji, na swali linalomkuta mezani halihusu biashara hata kidogo: "Katika kampuni yako, nani ana uwezo wa kukufukuza kazi?" Akijibu kwamba hakuna, kampuni ni yake, ameshaanza vibaya.

Kibali cha H-1B, ambacho wataalamu wengi wa kigeni hufanyia kazi Marekani, huombwa na mwajiri. Kwa miaka mingi maofisa walitaka kuona mwajiri aliye tofauti na mwajiriwa, hivyo waanzilishi wakawa wanaunda bodi yenye mamlaka ya kuwatimua katika kampuni walizozianzisha wenyewe. Januari 2025 kanuni zilimtambua waziwazi mwombaji anayemiliki kampuni, ila kibali chake cha kwanza ni cha miezi 18, si miaka 3 kama ya wengine. Bado kuna kikomo: vibali 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa waliopata uzamili au zaidi katika vyuo vya Marekani.

Viza ya kampuni changa ilibuniwa kufungua fundo hilo. Ni ruhusa ya kukaa nchini anayopewa mtu kwa sababu ya kampuni anayoianzisha, bila kumtaka awe mwajiriwa wa mtu wala awe na mtaji mkubwa wa kwake. Isichanganywe na kibali cha mwekezaji. Kenya, kwa mfano, ina kibali cha daraja G kinachodai mtaji wa dola 100,000 za Marekani. Hicho ni cha aliyekwisha kupata. Mwenye wazo na kompyuta mpakato tu hakimsaidii.

Sasa, kama serikali haiangalii mfuko wako wala mwajiri wako, itajuaje kwamba wazo lako si porojo? Ofisa wa uhamiaji hana ujuzi wa kupima programu ya malipo. Canada, ilipoanzisha mpango wake 2013, ililitupa swali hilo kwa watu wengine. Ilitaja taasisi maalumu, na mwombaji alipaswa kupata barua ya udhamini kutoka mojawapo. Mfuko wa mitaji ulitakiwa kuahidi angalau dola 200,000 za Canada, kundi la wawekezaji malaika, yaani watu binafsi wanaotia fedha zao katika kampuni changa, dola 75,000, na kituo atamizi, yaani kinacholea kampuni changa, hakikutakiwa kutoa hata senti. Kilitakiwa kumpokea tu. Waanzilishi hadi 5 waliweza kuomba kwa kampuni moja, kila mmoja akiwa na angalau asilimia 10 ya kura za wenye hisa.

Msomaji aliye Muscat au Dubai atasema: huyo si kafili, yule mwenyeji anayemdhamini mgeni? Kwa sehemu, ndiyo. Mgeni bado anahitaji mwenyeji wa kumsemea. Lakini kafili wa kizamani aliushika mkono wako muda wote uliokaa, na hadi 2021 Falme za Kiarabu zilitaka kampuni nyingi za nje ya maeneo huru ya biashara ziwe na mwenyeji mwenye hisa 51%. Barua ya Canada ilielekea kwenye ukaazi wa kudumu, na ukishaupata, kampuni ikifa hunyang'anywi. Kwangu mimi hapo ndipo uzito wote ulipo, kwa sababu kampuni changa nyingi hufa, na mtu anayejua kwamba kampuni ikifungwa anapanda ndege kurudi kwao hathubutu jambo lolote la maana.

Udhaifu wake nao umo humohumo kwenye barua. Kituo atamizi kisichotoa senti hakina cha kupoteza kikiandika barua nyingi, na waombaji wakajazana. Mwaka 2024 serikali iliweka kikomo: taasisi moja, kampuni 10 kwa mwaka.

Marekani haina viza ya namna hii, na gharama yake inaonekana. Kunal Bahl, kijana wa India, alisoma Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akafanya kazi Microsoft, na H-1B yake ilipogonga mwamba akarudi India mwaka 2007. Mwaka 2010 alianzisha Snapdeal na Rohit Bansal, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni iliyokuja kuajiri maelfu hukohuko India.

Ila watu wa Massachusetts waliona mwanya. Vyuo vikuu haviguswi na kile kikomo cha 65,000. Kwa hiyo mwaka 2014 jimbo lilianzisha mpango ambao Chuo Kikuu cha Massachusetts, Boston, humwajiri mwanzilishi wa kigeni kwa saa chache kwa wiki, awalee wanafunzi wanaotaka kujifunza biashara. Chuo kinamwombea H-1B bila foleni, kisha kampuni yake inaomba ya pili kwa mgongo wa ile ya kwanza. Akiacha saa zake za chuoni, kibali cha kampuni nacho kinapoteza msamaha wa kile kikomo. Kwa hiyo wakili akiuliza tena nani ana uwezo wa kumfukuza, kuna walau jina moja la kuandika: chuo.