Mwakilishi Wadi Hana Lori la Changarawe

"MCA wetu hajatujengea hata choo cha soko."

Lawama hii utaisikia kwenye matatu na hata matangani. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010 haikumpa MCA, yaani mwakilishi wadi katika bunge la kaunti, kazi ya kujenga chochote. Wanaojenga ni gavana na mawaziri wake. Bunge la kaunti hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti, kisha huwaandama hao wanaoitumia. Basi choo kisipojengwa, muulize mheshimiwa: kilikuwamo kwenye bajeti? Kama kilikuwamo, alimwita waziri wa kaunti mbele ya kamati aeleze pesa zilikokwenda?

Ana uwezo huo. Kifungu cha 195 cha Katiba kinaipa kamati ya bunge la kaunti nguvu sawa na za Mahakama Kuu za kumwita shahidi na kudai stakabadhi. Meno haya ni makali kuliko lori lolote la changarawe, na inaniuma kwamba tunampima mtu kwa mazishi aliyohudhuria huku kazi hii ikilala.

Vilevile tunamdai madarasa ya shule ya msingi na sekondari. Hayo ni ya serikali ya kitaifa. Kaunti imekabidhiwa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini.

"MCA wakikasirika, gavana amekwenda."

Theluthi mbili ya wajumbe wa bunge la kaunti wakiunga mkono hoja ya kumwondoa, gavana anakuwa ameshtakiwa tu. Anayeamua ni Seneti, bunge la kitaifa linalowakilisha kaunti. Mwaka 2020 ulituonyesha sura zote mbili. Januari, Seneti ilimwondoa Ferdinand Waititu wa Kiambu, na Desemba ikamwondoa Mike Sonko wa Nairobi. Katikati, mwezi Juni, MCA wa Kirinyaga walikuwa wamempigia kura Anne Waiguru aondoke, Seneti ikaona mashtaka hayakuthibitishwa, akabaki ofisini.

"Gavana akikalia mswada, umekufa."

La. Ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha na sababu zake. Akinyamaza mpaka muda upite, sheria inahesabu kwamba ameukubali. Akiurudisha, theluthi mbili ya bunge inaweza kuupitisha jinsi ulivyokuwa.

"Wale MCA walioteuliwa ni wa kujaza viti."

Kura yao ina uzito sawa na ya aliyechaguliwa wadini. Wapo kwa sababu Katiba haitaki jinsia moja ishike zaidi ya theluthi mbili ya viti, na inataka vijana, watu wenye ulemavu na jamii zilizotengwa wawe na sauti mle ndani.

"Bajeti ni mambo ya wakubwa, sisi tutaambiwa."

Hii ndiyo dhana inayotugharimu zaidi. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa yafike bungeni kufikia 30 Aprili na yapitishwe kufikia 30 Juni. Kati ya tarehe hizo mbili kamati ya bajeti lazima isikilize maoni ya wananchi, na kifungu cha 196 kinataka bunge lifanye shughuli zake waziwazi. Huhitaji mwaliko wa mtu kukaa pale juu kwenye viti vya wananchi ukisikiliza MCA wakijadili. Una haki pia ya kuliandikia bunge hilo ombi rasmi litunge, libadilishe au lifute sheria ya kaunti.

Mwaka mmoja nilihudhuria kikao cha maoni katika ukumbi wa kanisa. Watu walizidi mia moja, na nakala za makadirio zilikuwa tatu. Hilo lilinikera, kwa maana mtu atatoaje maoni juu ya kitabu ambacho hajakishika? Wengi walisimama kusifu au kulaumu, wakaketi. Kisha mama mmoja muuza samaki akaomba nakala, akapekua polepole mpaka sehemu ya masoko, akamsomea mwenyekiti fungu la paa la soko letu. Pesa zilikuwa zimetengwa mwaka uliotangulia, zimetengwa tena mwaka huu, na bado mvua ilikuwa ikimnyeshea yeye na samaki wake.

Ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti hakuwa na jibu, ila safari hii karani aliinamia daftari na kuandika. Yule mama aliinakili nambari ya fungu lile nyuma ya risiti ya ushuru wa soko aliyolipa asubuhi ile, akaifunga kwenye pindo la leso, akarudi kwenye samaki zake.