Je, wajua kwa nini wakusanyaji wa sarafu humpenda Kaizari Probus?

Waulize watu wakutajie makaizari wa Roma. Utasikia Augustus, Nero, labda Konstantino. Probus hatajwi. Alitawala miaka sita tu, 276 hadi 282, kisha askari wake mwenyewe wakamuua huko Sirmium, mji aliozaliwa, ambao leo uko Serbia. Hata hivyo, miongoni mwa wanaokusanya sarafu za Kirumi wapo wasiotaka kaizari mwingine ila yeye. Wana nini naye?

Kwanza, mfuko unaruhusu. Otho alitawala miezi mitatu hivi mwaka 69, sarafu zake ni chache, na anayeitaka moja ajiandae kutoa mamia ya dola au zaidi. Ya kawaida ya Probus unaweza kuipata kwa chini ya dola 50, ingawa ina zaidi ya miaka 1,700. Umri peke yake haupandishi bei. Kinachopandisha ni uhaba, na hizi hazikuwa haba tangu siku zilipotengenezwa.

Karne ya tatu ilikuwa ya vita mfululizo, na askari hawalipwi kwa maneno. Kila aliyeshika utawala alipunguza madini ya fedha ndani ya sarafu ili zipatikane nyingi zaidi. Kaizari Aurelian alijaribu kuweka mambo sawa mwaka 274, na sehemu ya chini ya sarafu nyingi za baada ya hapo utaona XXI, yaani 21 kwa namba za Kirumi. Wataalamu wengi huisoma kuwa sehemu 20 za shaba kwa moja ya fedha, yaani fedha kama asilimia 5. Juu yake ulipakwa utando mwembamba wa fedha: ikiwa mpya inang'aa, ikichakaa shaba inachungulia. Benki ya mwananchi ilikuwa chungu na shimo. Waliofukia wengi hawakurudi kufukua. Mwaka 2010, karibu na Frome huko Uingereza, chungu kimoja kilitoa sarafu 52,503 za kati ya mwaka 253 na 305.

Lakini bei nafuu haitoshi kumfanya mtu ashikwe na kaizari mmoja maisha yake yote. Kilichowanasa ni kwamba sarafu za Probus hazifanani. Zilitengenezwa Lyon, Roma, Ticinum (Pavia ya leo), Siscia katika Kroatia ya sasa, Serdica ambayo ni Sofia, Cyzicus, Antiokia na kwingineko. Kila kiwanda kilikuwa na karakana kadhaa, kila karakana na alama yake, na kila muhuri wa kugongea sarafu ulichongwa kwa mkono kabla ya nyundo kushuka.

Chukua moja ya Siscia. Haizidi sana upana wa kidole gumba. Probus anatazama kushoto, kavaa kofia ya chuma yenye miale, mkuki begani, ngao mbele ya kifua. Tumia kioo cha kukuzia: juu ya ngao hiyo, isiyozidi ukucha wa mtoto, fundi amechonga mpanda farasi anayekanyaga adui. Geuza, na mungu Jua anaendesha gari la farasi wanne. Nyingine inamwonyesha Probus huyohuyo katika joho la sherehe, ameshika fimbo yenye tai. Makaizari wengi wa wakati ule waliridhika na kichwa na taji basi.

Kinachonifurahisha mimi zaidi kiko Ticinum. Palikuwa na karakana sita, na katika toleo moja kila karakana iliweka herufi moja pembeni mwa picha ya nyuma: ya kwanza E, ya pili Q, kisha V, I, T, I. Sarafu moja haikwambii kitu. Zipange sita kwa mfuatano wa karakana, na unasoma EQVITI (Warumi waliandika U kama V). Wengi huona hapo jina la utani la Probus, Equitius. Kwa nini lifichwe wakati jina lake lipo wazi upande wa pili? Majibu ni mengi, na wakusanyaji hawachoki kubishana. Wakati huohuo wanaitafuta ile herufi moja iliyobaki, na mara nyingi ndiyo inayogoma kupatikana.

Katalogi kuu ya sarafu za Kirumi iliyochapwa 1933 inampa Probus zaidi ya namba 900, kila namba na aina yake ya sarafu, na bado sarafu zisizomo zinajitokeza. Ndiyo maana mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kushika kitu ambacho katalogi hiyo haikukiorodhesha. Kwa Augustus bahati hiyo ni ngumu.

Ukivutiwa, anza na ukingo. Sarafu halisi iligongwa kwa nyundo, hivyo ukingo wake mara nyingi una nyufa ndogo. Ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huweza kuacha mstari unaoizunguka. Kisha muulize muuzaji ilikotoka na karatasi zake. Italia, Uturuki na Misri zina sheria kali dhidi ya kutoa mali za kale nje, na sarafu iliyochimbwa kwa wizi hata muuzaji mwenyewe hana haki nayo.