Medali ya mfalme asiyetawazwa, na imani nyingine zinazowaponza wenye medali za kale

"Edward wa Nane hakutawazwa, kwa hiyo medali yake ni adimu." Imani hii inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Edward alishika kiti cha enzi cha Uingereza Januari 1936, siku ya kutawazwa ikapangwa iwe 12 Mei 1937, naye akajiuzulu Desemba 1936. Lakini viwanda havikungoja sherehe. Vikombe, sahani na medali za ukumbusho vilikwisha kutengenezwa kwa wingi na kuingia madukani, na watu wakavitunza hasa kwa ajili ya kisa chenyewe. Kilichotunzwa na kila mtu hakiwi adimu. Medali rasmi ya kumtawaza haikutolewa kamwe. Hizo unazoonyeshwa ni za wafanyabiashara.

Sarafu zetu zina kisa hichohicho. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za 1936, zile zenye tundu, zina jina la Edward bila sura yake. Zilipigwa kwa mamilioni. Anayekutajia bei ya kiwanja kwa moja, muage kwa heshima.

"Medali ya 1937 ni ya fedha." Huenda, huenda siyo. Siku ileile ya Mei alitawazwa mdogo wake, George wa Sita, na medali rasmi ilikuwa ya fedha kweli: upana milimita 32 hivi, mfalme na malkia upande mmoja, herufi GRI chini ya taji upande wa pili. Zilitolewa karibu 90,000 kwa himaya nzima. Sambamba nayo zilizagaa za shaba, aluminiamu na madini mengine ya bei ndogo, nyingi zikigawiwa watoto wa shule katika nchi mbalimbali. Kama nyuma pana jina la mji fulani au nembo ya kampuni, hiyo si ya serikali. Ya Elizabeth wa Pili ya 1953 pia ni ya fedha, na ilitolewa kwa wingi zaidi, takriban 129,000.

Wengine hugeuza ukingo, wakikosa jina husema ni bandia. Medali rasmi za 1937 na 1953 zilitolewa bila majina. Hata nyota (medali zenye umbo la nyota) za Vita Kuu ya Pili walizopata askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, kama Burma Star ya waliopigana Burma, Uingereza ilizitoa tupu, bila jina. Ile ya fedha ya Vita Kuu ya Kwanza ndiyo yenye namba, cheo, jina na kikosi ukingoni, na hapo jina ndilo linalopandisha bei, maana mnunuzi anaweza kumtafuta askari aliyepewa katika kumbukumbu za jeshi.

Kuhusu kuisugua ing'ae kabla ya kuuza: usiisugue. Wakusanyaji wanautaka ule weusi wa miaka, na kila msuguo hufuta mistari myembamba ya sura na herufi.

Bei nayo haisomwi kwenye matangazo, kwa kuwa muuzaji anaweza kuandika lolote. Tazama zilizokwisha kununuliwa mnadani. Sonara atakupa thamani ya uzito wa fedha tu, na kwake medali ya chifu na ya karani ni sawa. Kwa hiyo kabla ya kumpelekea, tafuta cheti kilichokuja nayo, utepe wake, kitabu cha jeshi na picha ya babu akiwa ameivaa. Kama aliacha medali kadhaa, ziuzwe pamoja au zisiuzwe.