Hizo si Chenga, Kaka

Juzi tena mteja kanirudishia diski ya Hell Is a City, akidai nimemuuzia kopi ya mtaani. "Ina chenga." Nimechoka kulieleza jambo hili kaunta, basi naliandika.

Hizo si chenga. Chenga ni za antena iliyokaa vibaya au mkanda wa VHS uliochakaa. Unachokiona hapo ni punje za filamu. Hell Is a City ni sinema ya polisi na jambazi ya mwaka 1960, kazi ya kampuni ya Hammer. Val Guest aliiongoza, na Stanley Baker ndiye inspekta anayemsaka mfungwa mtoro mjini Manchester. Mpiga picha Arthur Grant alitumia filamu ya nyeusi na nyeupe, ambayo picha yake hujengwa na chembe za fedha (naam, fedha ile ile ya pete). Chembe hizo ndizo tofali za Manchester, ndizo jasho usoni mwa Baker. Ukizifuta, navyo vimekwenda. Nimeona diski zilizolainishwa kwa kompyuta mpaka waigizaji wakawa sanamu za nta, na mtu anasifu: "Hii ndiyo HD!" Dukani kwangu hazikai.

Vumbi na mikwaruzo ni habari nyingine. Hivyo visafishwe, sina ugomvi.

Kabla hujaja kunifokea, fungua mpangilio wa picha kwenye TV yako. Shusha ukali wa picha (sharpness), zima kipunguza chenga (nacho hudhani punje ni chenga), zima kilainisha mwendo. Ukali ukipandishwa mno, punje zinageuka mchanga. Nusu ya malalamiko yangu yangeishia hapo.

Malalamiko mengine ya kaunta, na majibu yangu:

"Sinema ya zamani, tena ya bajeti ndogo, haina HD." Negativu ya milimita 35, yaani ule utepe uliopita ndani ya kamera, ina undani mwingi kuliko mistari 576 ya DVD, na haiulizi mwenye sinema alikuwa na shilingi ngapi.

"Mistari myeusi imekata picha." Kinyume chake. Hii ilipigwa kwa lenzi za skrini pana, 2.35 kwa 1, yaani upana ni mara 2.35 ya kimo. Ukiivuta ijaze TV, wewe ndiye umekata pande.

"DVD ya Uingereza imepunguzwa." Ni PAL hiyo, mfumo wa TV wa Uingereza: fremu 24 za sinema kwa sekunde zinachezwa 25, hivyo sinema ya dakika 100 inamalizika kwa 96. Kila tukio lipo, ila Baker anaongea haraka kidogo na sauti yake imepanda.