Umepigwa blitz ya chesi? Usikimbilie kubadilisha ufunguzi

Wiki hii tena swali ni lilelile: "Nimepigwa nikicheza e5, sasa nihamie Sisiliani?" (Ni njia mbili za nyeusi kujibu 1.e4: e5, au c5 ambayo ndiyo Sisiliani.) Hapana, tafadhali. Vijana wengi wa hapa Kisumu wanaocheza blitz, chesi ya dakika chache, kwenye simu wanaamini kwamba mchezo ukipotea, ufunguzi (hatua za mwanzo) ndio mbovu. Kwa imani hiyo wamejaza kichwani aina saba za ufunguzi, na hakuna hata moja wanayoijua kupita hatua ya sita.

Kabla ya kuwasha injini (programu ya kuchambua chesi), angalia saa. Mchezo wa Lichess, tovuti ya chesi, ukiupakua kama PGN (faili la maandishi la hatua za mchezo) unaweza kuja na muda uliobaki baada ya kila hatua. Pitia hatua kumi za kwanza: pale sekunde zilipoanza kuyeyuka ndipo ujuzi wako ulipoishia. Injini inaijua hatua mbaya. Haiijui ile uliyoibahatisha ikatokea kuwa nzuri, na hiyo ndiyo itakayokuumiza mchezo ujao.

Chukua blitz ya dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, wewe ukiwa na nyeusi (N ni farasi, B askofu, Q malkia, K mfalme; x ni kula, + ni kumtishia mfalme, herufi ndogo na namba ni mraba): 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5 Nxd5. Umecheza haraka, saa imepanda juu ya dakika 3. Linakuja 6.Nxf7, farasi kawashika malkia na ngome kwa pamoja. Mfalme anamla, 7.Qf3+, na ukitaka kumwokoa farasi wa d5 huna budi kucheza 7...Ke6. Mfalme katikati ya ubao, malkia wote wawili wapo. Hapo sekunde 40 zinakwenda. Unakula mati hatua ya 19, halafu unasema ulikosea ya 18. Ulikosea ya 5, ulipocheza Nxd5.

"Lakini injini inasema nyeusi anaweza kujitetea!" Ubishi huu unanichosha. Kweli, baada ya 8.Nc3 kuna 8...Ncb4 na nyinginezo. Ila mweupe anashambulia kwa hatua za kawaida tu, anatoa kete na kusukuma d4, na akikosea mara moja bado yuko salama. Wewe ukikosea mara moja umekwisha. Usisome namba ya injini, inayoonyesha nani yuko mbele, peke yake. Hesabu una hatua ngapi za kukuokoa katika kila zamu. Ikiwa ni moja tu, zamu tatu mfululizo, nafasi hiyo haichezeki kwa dakika 3.

Dawa ni 5...Na5. Farasi anamtishia askofu wa c4, na mara nyingi inafuata 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 8.Be2 h6 9.Nf3 e4 10.Ne5. Umetoa askari mmoja, na kwa malipo farasi wa mweupe amefukuzwa mara mbili. Zipo 8.Bd3 na 8.Qf3, ziache mpaka mtu akuchezee. Hatua moja mpya kwa kila mchezo inatosha. Na kama kufikia hatua ya 12 nafasi yako ilikuwa nzuri, ufunguzi usiuguse kabisa.

Mwisho fungua hazina ya michezo ya Lichess, uchuje blitz na kiwango chako. Asilimia za ushindi sizitegemei sana: zinachanganya ufunguzi na makosa ya baadaye, na sijapata njia safi ya kuvitenganisha. Natazama tu hatua inayochezwa zaidi, maana ndiyo utakayokutana nayo kesho jioni.